Injini Ikiwa Imezimwa

Simu ilipolia Bwana Mdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la watu, kinyago cha kuchomelea usoni. Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi. Aliinua kinyago, akaona jina la kaka yake kwenye simu, akapokea huku akicheka.

"Kaka, unaanza kunigombeza mapema hivi? Hata chai sijanywa."

Sauti nyingine kabisa ikasema, "Bwana Mdogo, huyu ni msimamizi wa uwanja wa mbio. Nimechukua simu ya fundi. Uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini?"

"Kaa chini kwanza."

"Niko chini tayari, bwana. Sema."

"Fundi ametoka nje ya njia na gari la daktari. Tumemkimbiza hospitali, lakini tumefika hakuna tena mtu. Ametangulia. Pole sana, ndugu yangu."

Bwana Mdogo alisema yale ambayo kila mwenye imani huyasema akipata habari kama hiyo, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Aliyasema yote bila kukosea neno. Akazima mashine, akakunja waya, akamwambia mwenye geti kwamba amefiwa. Mwenye geti akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Bwana Mdogo aliyashika tu yale maji. Machozi hayakuja. Alichokiona mbele yake ni gereji ya jana alasiri, gari la daktari katikati, na yeye mwenyewe amelala chali chini ya usukani na rula mkononi.

"Nilipima injini ikiwa imezimwa," alisema.

"Unasemaje?" mwenye geti akauliza.

"Hamna kitu."

Kaka yake alijulikana uwanjani kwa jina la Fundi Kisigino, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kulijua jina alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi magari wa kawaida, wa kubadilisha breki na klachi katika gereji ya milango miwili iliyobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi. Ila alikuwa na kazi moja ambayo mji mzima ulimtegemea yeye peke yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona haja ya kujifunza. Alirekebisha pedali za magari ya wale watu kumi na kitu waliokuwa wakishindana uwanjani siku za Jumamosi: mwalimu wa hesabu, muuza matairi, mtu wa bima, daktari wa meno. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutoka gazetini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dereva wa mbio akiikaribia kona kwa kasi anatakiwa ashike breki na kushusha gia kwa wakati mmoja. Akishusha gia bila kuiamsha injini, magurudumu yanashtuka na gari linateleza. Basi mguu wake wa kulia unabeba kazi mbili: vidole vinakanyaga breki, na kisigino, au ubavu wa mguu, unagusa mafuta kidogo, vruu, gia inaingia laini. Kwenye gari la kwendea sokoni pedali ya mafuta huwekwa mbali na chini makusudi, ili mtu asikanyage zote mbili kwa bahati mbaya. Kisigino alikuwa anaisogeza. Alifunga juu yake kipande cha chuma kwa boliti mbili, kipana au chembamba, kirefu au kifupi, mpaka mguu wa mteja huyo, na si wa mwingine, ufike bila kuhangaika.

"Hii ni nguo ya kushonwa," alikuwa akisema. "Mimi siuzi mitumba."

Mteja aliyekuja bila viatu anavyoendeshea alirudishwa nyumbani akavifuate. Akija navyo alisimamishwa juu ya boksi, Kisigino akamchora unyayo kwa kalamu, akaukata kwa kisu, akautundika ukutani kwenye msumari na kuuandika jina la utani la mwenyewe. Hesabu. Matairi. Bata. Meno. Mgeni akiingia alidhani ni duka la viatu lililofilisika. Na mdomo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa mchungu kama shubiri. Muuza matairi alipolalamika kwamba pedali inambana aliambiwa, "Punguza tumbo kwanza, ndipo tuzungumze habari za mguu." Mtu akacheka, akarudi tena wiki iliyofuata.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana. Siku moja mwalimu wa hesabu alimuuliza kwa nini.

"Nina mke," Kisigino alijibu.

Mkewe alikuwa anapita na ndoo. "Usinisingizie," akasema. "Sema unaogopa."

Pamoja na hayo hakulitoa gari lolote mikononi mwake kabla hajaliendesha uwanjani raundi tatu. Si mbili, si nne. Ndivyo alivyokuwa hata nyumbani. Chumvi ya mboga aliionja mara tatu.

Wazazi wao walifariki ndani ya mwaka mmoja, Kisigino akiwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake tisa. Kisigino aliacha shule, akaingia karakana ya mabasi kuosha vyuma kwa dizeli kutwa nzima, jioni akirudi anapika, anakagua madaftari ya mdogo wake, anampeleka msikitini. Baadaye alimfundisha kuchomelea. Alimwita "bwana mdogo" kwa utani, mtaa mzima ukalidaka jina hilo, na sasa Bwana Mdogo alikuwa na miaka arobaini na sita, ndevu zenye mvi, na bado alikuwa Bwana Mdogo. Kuna wakati jina hilo lilimchosha. Kuchoka na jina ni jambo moja, kumchoka aliyekupa ni jingine, na huyo hakuwahi kumchoka.

Miezi ya mwisho ni Kisigino aliyekuwa amechoka. Alifanya kazi amekaa juu ya ndoo ya rangi. Kwenda msikitini, mwendo wa nyumba kumi na mbili, alikuwa anasimama mara mbili na kujifanya anatazama kitu dukani. Alishika shavu la kushoto na kusema jino linamsumbua. Ukimuuliza zaidi alikukata kauli: "Uzee ni ajira mpya. Bado naizoea."

Ijumaa ile, baada ya swala, walikuwa na gari la daktari wa meno. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye mguu mdogo, na kipande cha chuma kilitakiwa kiwe kipana kuliko cha mtu yeyote. Kisigino alipima upana, kisha akaishiwa nguvu.

"Urefu pima wewe," alimwambia mdogo wake. "Unajua."

Akajilaza kwenye kiti cha basi bovu kilichokuwa kando ya ukuta. Kabla Bwana Mdogo hajapata rula alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Urefu, yaani kimo cha chuma juu ya pedali, ndio wenye kazi. Kipande lazima kilingane na breki pale breki inapokuwa imekanyagwa sawasawa, maana ni wakati huo ndipo kisigino kinapotafuta mafuta. Na breki ni lazima ikanyagwe injini ikiwa inawaka. Injini ikiwaka inaisaidia breki, pedali inakuwa laini na kuzama. Injini ikizimwa pedali inakuwa ngumu kama jiwe, inagoma juu. Kisigino alikuwa amemwambia hivyo si chini ya mara mia.

Gari lile likiwashwa ndani ya gereji lilinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Bwana Mdogo alishika ufunguo. Akamtazama kaka yake. Wiki nzima shemeji alikuwa akisema kwamba mumewe halali, anakaa kitandani anahesabu pumzi. Na sasa hivi kalala kama mtoto, soksi moja imetoboka.

Aliuachia ufunguo. Aliikandamiza breki kwa ubao injini ikiwa imezimwa, akapima, akajisemea kwamba tofauti ataikadiria. Akakata, akakunja, akachomelea nje uani, akafunga boliti. Alasiri Kisigino aliamka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umepima vizuri?"

"Nimepima, Kaka."

Kisigino alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi nalipeleka mwenyewe uwanjani," alisema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Bwana Mdogo alipokuwa anaendesha pikipiki yake kwenda hospitali. Ikiwa kipande kilikuwa juu mno, basi kaka yake alipoikanyaga breki kwa nguvu mwisho wa njia iliyonyooka, pedali ilizama, na mguu wake ukakikuta chuma cha mafuta. Gari moja, breki na mafuta kwa pamoja. Kila alipofika kwenye taa za barabarani aliliona hilo upya.

Hospitali walimpa karatasi. Iliandikwa moyo. Mwuguzi alisema hakuna jeraha, mkwaruzo tu kwenye paji la uso.

"Moyo ulisimama kabla ya ajali au baada?" Bwana Mdogo aliuliza.

"Hilo haliandikwi, kaka yangu. Ni Mungu anayejua."

Ni jibu la haki, ila halikumtosha.

Kufikia saa sita mwili ulikuwa nyumbani, viti vimepangwa nje, kaburi linachimbwa. Maziko yangekuwa baada ya swala ya alasiri. Aliyekuwa akiosha maiti mtaani ni kinyozi yule jirani wa gereji, mtu mwembamba, mcheshi siku zote nyingine, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa akigombana na Kisigino kuhusu kelele za nyundo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimvuta Bwana Mdogo pembeni, karibu na tangi la maji.

"Tunahitaji watu watatu ndani. Mimi, imamu, na wewe."

"Mtafute mwingine."

"Mwingine nani? Hana mtoto wa kiume. Wewe ndiye wa karibu, na ndiye mwenye haki."

"Siwezi kumgusa."

"Unaogopa? Mimi nitakuwa pale, nitakuonyesha hatua kwa hatua."

"Siogopi maiti. Ni hii mikono yangu."

"Mikono yako ina nini?"

Bwana Mdogo akaificha nyuma ya mgongo. Angesema nini? Kwamba mikono hiyo ndiyo iliyokata chuma? Kwamba aliulizwa kama amepima vizuri, akasema amepima? Kaka alimlea, alimpikia, akamfundisha hata namna ya kushika rula, na yeye alasiri ya mwisho akamdanganya. Mtu wa namna hiyo anaweka wapi mikono yake kwenye mwili wa aliyemuua?

Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ushungi umemshuka begani, amekonda ghafla kwa saa mbili.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Kaka yako alikuwa haruhusu hata mimi nimkate kucha. Usimwache na watu peke yao."

"Nipe saa moja na nusu, shemeji. Nakuja."

"Unakwenda wapi? Maji yameshachemka!"

"Kuna kitu lazima nikione kwanza. Nikikiona, nitakuambia kama nastahili kuingia."

Kinyozi alitazama saa yake. "Saa nane uwe hapa. Baada ya hapo tunaanza, uwepo usiwepo."

Uwanja wa mbio uko nje ya mji, baada ya kiwanda cha matofali. Siku hiyo hapakuwa na mashindano tena. Magari yalikuwa yamesimama, na madereva wengi walishaenda msibani. Msimamizi alikuwa peke yake kwenye kibanda chake, kofia mapajani. Nje, kwenye ngazi, alikuwa amekaa daktari wa meno, bado na viatu vyake vidogo vya kuendeshea. Wote wawili walisimama.

"Mungu akupe subira," msimamizi alisema. "Askari wamekuja, wameandika, wameondoka."

"Nieleze ulivyoona."

"Sikuona vizuri, nisikudanganye. Nilikuwa najaza upepo tairi la mtu. Nilisikia injini inalia kule mwisho wa njia iliyonyooka, kisha kimya, kisha watu wanapiga kelele. Nilipogeuka gari lilikuwa limeshaegemea ule ukuta wa matairi."

"Injini ililia?"

"Ililia, ndiyo."

Bwana Mdogo alikuwa ameshaanza kutembea. "Liko wapi?"

Gari lilikuwa nyuma ya kibanda, juani, bampa limeshuka upande mmoja na kioo cha taa kimepasuka. Hakuna kingine. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe, akainama ndani.

Kipande hakikuwepo.

Pedali ya mafuta ilikuwa tupu, ile iliyotoka nayo kiwandani, na matundu mawili aliyoyatoboa yeye mwenyewe jana. Kwa muda hakuelewa anachokiona. Kisha akaelewa vibaya zaidi. Kimechomoka. Boliti zimelegea, kipande kimedondoka na kuingia chini ya breki, na breki imegoma. Hakukosea urefu peke yake, hata kukaza hakukaza. Alianza kupapasa sakafuni, chini ya zulia, chini ya kiti, akavuta zulia lote likatoka na vumbi lake.

"Unatafuta nini?" daktari aliuliza nyuma yake.

"Chuma. Chuma cha pedali. Lazima kiwe humu."

"Bwana Mdogo, hebu tulia kidogo."

"Siwezi kutulia, daktari! Mimi ndiye niliyekifunga!"

Msimamizi alikaribia taratibu, kofia bado mkononi. "Hicho alichokifungua?"

Bwana Mdogo akageuka, bado amepiga magoti. "Nani alikifungua?"

"Fundi mwenyewe. Alipomaliza raundi ya kwanza aliingia hapa, akaniomba spana namba kumi. Akakaa miguu nje, akainama humo. Nikamwambia, 'Fundi, viatu vinakubana?' Akaniambia, 'Kuna mtu wa kugombezwa leo, lakini kwanza nataka kuisikia pedali yenyewe ilivyo.' Akanirudishia spana yangu, akaingia raundi ya pili. Ya pili ilikwenda vizuri. Ilikuwa ya tatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari za spana, ndugu yangu. Ningejuaje?"

Daktari alikuwa ameshazunguka upande wa pili. Alifungua kidroo cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa kitambaa cha gereji kilichofungwa fundo, akampa. Ndani mlikuwa na kile kipande cha chuma, boliti zake mbili na nati zake. Juu ya chuma, kwa kalamu nyeupe ya kuwekea alama, kaka yake alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa za karakana: SHUSHA MM 8. WASHA INJINI UNAPOPIMA, BWANA MDOGO.

Alisoma mara mbili. Raundi moja tu, na mguu wake ulishajua milimita ngapi. Wala hakukuwa na haja ya kumwuliza mtu injini iliwashwa au haikuwashwa, alijua. Tena alikuwa amepanga kumgombeza, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo alikufa na pedali tupu," alisema.

"Pedali ya kiwandani," msimamizi alisema. "Na hao waliokuwa karibu na kona wanasema gari halikufunga breki kabisa. Lilikuja likipunguza mwendo lenyewe, likapitiliza, likaenda kuegemea matairi kama mtu anaegesha. Ule mlio ni wa kabla, gari likiwa bado mbio. Baada ya hapo mguu ulishatoka."

Daktari alikuwa amekaa kwenye changarawe bila kujali nguo zake. "Na mimi nina la kusema," alisema. "Juzi Jumatatu alikuja kwangu. Akasema jino la kushoto, la chini. Nikamwangalia meno yote, mazima. Ana meno ya kijana. Nikamwuliza maumivu yanakuja wakati gani. Akasema akipanda ngazi. Akifungua boliti ngumu. Nikamwambia, 'Fundi, hilo si jino. Maumivu ya namna hiyo yanatoka kwenye moyo. Nenda hospitali kubwa leo hii.' Nikamwandikia barua. Unajua aliniambia nini?"

"Akimaliza pedali zako."

"Akimaliza pedali zangu." Alijifuta pua kwa mkono. "Ningelichukua gari langu nikaondoka nalo. Hilo ndilo ninalolifikiria tangu asubuhi. Ningelichukua tu."

Bwana Mdogo alitaka kumwambia neno la kumtuliza, lakini alikuwa amechoka mno, na hakuna alilolijua ambalo daktari hakulijua. Mwishowe alisema, "Angekufuata kwako na spana mkononi, daktari. Humjui."

Daktari akacheka kidogo, kicheko kibovu, kisha akalia. Msimamizi aliangalia pembeni. Bwana Mdogo alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Alitegemea kwamba akijua ukweli atajisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyebeba mzigo mkubwa safari ndefu, akaambiwa kwamba nusu yake si yake. Mabega yaliuma vilevile. Alikosea milimita nane, hilo lilibaki. Alimdanganya kaka yake, hilo nalo lilibaki, na angelipeleka kwa Mola wake kwa toba. Ila kaka yake hakufa kwa mkono wake. Hapo ndipo machozi yalipokuja, na aliyaacha yaje.

Saa ya ukutani kibandani ilikuwa inaonyesha saa nane kasoro robo.

Alipofika nyumbani kinyozi alikuwa anakunja mikono ya shati. Hakumwuliza alikotoka. Shemeji ndiye aliyemfuata kwenye tangi la maji.

"Umekiona?"

"Nimekiona. Nitakusimulia yote, na nina kosa la kukuomba msamaha. Lakini naweza kuingia."

"Basi ingia," alisema.

Bwana Mdogo aliosha mikono mpaka viwikoni, akatia udhu, akaingia. Chumba kilikuwa kimefungwa mapazia. Imamu alishika shuka la kumsitiri, kinyozi akamwaga maji ya uvuguvugu, na Bwana Mdogo alipewa kazi ya kumwinua mgongo.

"Taratibu," kinyozi alisema. "Shika kama unavyomshika mtu aliyelala."

Alimshika hivyo. Alikuwa mzito kuliko alivyodhania, na ngozi yake mgongoni ilikuwa laini, ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuvua shati mbele ya wengine. Walianza upande wa kulia, wakaja wa kushoto, mara tatu. Mara ya mwisho maji yalitiwa kafuri. Kinyozi alijaribu kusafisha oili kwenye vidole, akatumia sabuni, akatumia ndimu, haikutoka yote.

"Kelele za nyundo," alisema kwa sauti ya chini, akiwa anasugua. "Miaka kumi na minane. Nitalala vipi mchana sasa?"

Imamu akamwambia, "Mwombee."

"Ndicho ninachofanya."

Walimkausha, wakamvika sanda, wakafunga vitambaa. Kabla uso haujafunikwa walimwita shemeji na binti zake wawili waje wamwage machozi yao kwa mbali na kumtazama. Shemeji alitazama kwa muda mrefu. Alisema, "Umepumzika," akawashika binti zake mikono, wakatoka.

Aliswaliwa baada ya alasiri. Safu zilijaa mpaka nje kwenye viatu. Madereva wa uwanjani walikuwepo karibu wote. Wale wasiokuwa Waislamu walisimama ng'ambo ya barabara, wakafuata jeneza kwa miguu mpaka makaburini. Watu walipokezana jeneza kila hatua chache, na Bwana Mdogo alilishika mbele kulia muda wote, hakuna aliyemwambia apumzike.

Kaburini waliingia watatu: yeye, kinyozi, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na nguvu. Walimpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, wakafungua vitambaa. Bwana Mdogo aliweka donge la udongo nyuma ya mgongo wake asije akageuka. Wakapanga mbao. Walivutwa juu mmoja mmoja, kisha watu wakaanza kumwaga udongo, kwanza kwa mikono, baadaye kwa majembe. Ilichukua kama dakika ishirini. Imamu alisoma dua, wakaitikia amina. Daktari wa meno alikuwa amesimama nje ya ukuta wa makaburi na wanawake wengine, kitambaa kichwani.

Watu walipoondoka Bwana Mdogo alibaki amechutama kidogo, akimwombea kaka yake uthabiti wa kauli, maana huo ndio wakati wa kuulizwa. Akamwombea na msamaha, kisha akajiombea wake. Alipomaliza alipangusa magoti, akatembea kurudi nyumbani.

Shemeji alikuwa amekaa mkekani sebuleni katikati ya wanawake. Alimwona mlangoni, akainua uso.

"Mmemlaza vizuri?"

"Tumemlaza vizuri, shemeji. Lile jingine nitakusimulia watu wakishaondoka."

Alimtazama kidogo, akashusha macho, na wanawake waliokuwa wakisoma Kurani wakaendelea kusoma.